Tulikuwa Tunaingia kwa Mulango wa Nyuma

Wasichana wenye walipokea kazi yetu wameniomba niandike namna tulivyofanya zamani, sababu sasa nimeacha. Magoti hayanifikishi tena ku kambi ya treni. Wakasema: "Koko, nyanya yetu, andika mambo ya kututia moyo." Mambo ya kutia moyo yako, nitaandika. Lakini nilipokaa na kalamu, kitu cha kwanza kilichokuja ni hasira, na sitaificha eti sababu mumeniomba kwa upole. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu, kisha wakaniozesha. Kuandika najua, kupamba sijui. Jina langu Bitondo, mama ya Amisi, wa kartie, mutaa wa Waislamu hapa Kindu. Majina ya watu nayakumbuka yote, wazuri na wabaya.

Ilianza wakati inchi ilikuwa Zaire na chama kilikuwa kimoja. Munganga Yuma wa dispanseri yetu alikuwa anapima watoto kilo, akaona jambo. Kulikuwa wamama wanaleta mutoto mwenye kupungua, na kwao chakula kiko. Akamuambia Mama Mwamvita, muzalishaji wa zamani wa kartie: "Hawa wamama hawakosi chakula. Wanakosa muntu." Njo Mwamvita akatuchagua sisi, wamama wenye tulikwisha kulea. Kazi yetu ilikuwa kwenda ku nyumba ya mama au baba mwenye watoto wadogo wanamushinda, kumubebea muzigo kidogo mpaka apumue. Hakuna mushahara. Siku hizi munaita hiyo kujitolea. Sisi tuliiita kwenda kutwanga, na sasa nawaambia sababu.

Siku ya kwanza Mwamvita alipita kwangu asubuhi, akasema: "Beba muchi wako."

"Kwao hawana muchi?"

"Nimekuuliza, ao nimekuambia?"

Nikabeba. Tukapita barabarani wamama wawili na michi ku bega, na vijana wa ku soko wakapiga kelele: "Wamama, vita iko wapi?" Mwamvita hakugeuka. "Iko kwenu ku jiko," akasema, "ulizeni mama yenu." Toka siku ile wakatuita askari wa sombe, yaani majani ya muhogo. Mimi niliona haya mpaka kisogo kikatoka jasho. Yeye alitembea kama ameitwa ku arusi.

Tulifika kwa Anifa, bibi ya muuza samaki. Hatukupita kwa mbele. Tulizunguka nyumba, tukapiga hodi ku jiko. Anifa alikuwa anatwanga sombe, mutoto analia ku mugongo, mwengine amelala ndani ya vumbi na kamasi mpaka ku kidevu. Mwamvita akasalimu kifupi, akaingiza muchi wake ndani ya kinu kile kile. Tu! Ta! Tu! Ta! Mimi akanionyesha kwa macho tu: toa mutoto ku mugongo. Nikamutoa. Hakuna mwenye aliuliza Anifa kitu. Majani yakaanza kulainika, na Anifa, macho yake ndani ya kinu, akaanza kusema. Alisema mambo ambayo sitaandika, ni yake. Alisema mpaka sombe ikawa kama unga.

Kurudi, Mwamvita akaniuliza: "Wewe uliuliza nini?"

"Sikuuliza kitu."

"Vizuri. Siku utauliza mbele hujatwanga, bakia kwako."

Hii njo ilikuwa elimu yangu yote, na mpaka leo sijaona yenye kuipita. Mama akitwanga na mwenzake, hawaangaliani. Kelele ya michi inafunika maneno, jirani na mama mukwe hawasikii. Na mikono ikiwa na kazi, mudomo unasahau kujilinda. Ukimukalisha ku kiti na kumuuliza, "Mama, uko na shida gani?" atakuambia hana. Wewe mwenyewe ungesema nini? Na muchi uwe wako, wa kutoka nao nyumbani. Mugeni mwenye kuja mikono mitupu ni wa kupikiwa. Mwenye kuja na muchi ni wa kazi, mama hafagii, hafichi chungu, hatafuti kiti.

Wababa ilikuwa taabu nyengine, sababu mwanaume hatwangi. Kulikuwa Sumaili, mwenye alirudi kutoka kuchimba madini Kampene bila kitu. Bibi yake alienda kulima, akamuachia mutoto mwenye meno yanatoka. Alimutikisa yule mutoto siku moja mpaka jirani wakaita watu. Kila mutu wa kartie alikwenda kumufundisha Sumaili adabu. Mimi nilimukuta anatengeneza baiskeli, nikachuchumaa, nikamushikia gurudumu. Akaziba tundu la kwanza bila kusema. La pili, akasema: "Mama Amisi, ile kilio inaingia huku," akajipiga ku paji la uso, "na haitoki." Nikamuambia: "Ikiingia, weka mutoto chini ku mukeka, toka inje, uniite." Aliniita mara nyingi sana. Nilikuwa nalaani ile baiskeli, kila siku ilikuwa na tundu. Mutoto wake leo ni muzee wa familia.

Sasa Feza.

Feza alikuwa kijana, bibi ya Musafiri, mufanya kazi wa treni. Walikaa ku kambi, nyumba ya mwisho, karibu na mto. Musafiri akipanda treni ya Kongolo, hakuna mwenye alijua siku ya kurudi. Mashine ikikufa ndani ya pori, wanangoja huko. Feza hakuwa na dada wala mama hapa. Alikuwa na Saidi, wa kutembea, na Riziki, mutoto muke, muchanga. Ku kilo Riziki alikuwa anapungua, njo Yuma akatutuma.

Nilitwanga naye siku nyingi bila neno. Kisha, siku moja, bila kuacha kutwanga, akasema: "Mama Amisi, mikono yangu naiogopa."

Nikaendelea kutwanga.

"Riziki akilia na mimi sijalala, mikono inataka kumutupa. Haiko mimi. Ni mikono."

Wasichana, musikie hapa. Sikumuambia "nyamaza, usiseme hivyo." Sikumuambia "mupende mutoto wako," alimupenda kuliko roho yake. Niliuliza: "Leo umelala?" Akasema hapana. Nikamutoa ku kinu, nikamulaza, nikabakia na watoto. Tukapanga na Mwamvita: kila siku kisha chakula cha saa sita mumoja wetu anaenda, Feza analala. Tukamufundisha pia: mikono ikianza, weka mutoto chini pahali pazuri, kaa mbali naye, kalia mikono yako mwenyewe mpaka tufike. Alicheka. "Nikalie mikono kama kuku na mayai?" Ndiyo, kama kuku.

Na ilifaa. Uso wake ulirudi. Riziki akapanda kilo, akaanza kucheka ile kicheko ya watoto wachanga, bila kujua anachekea nini. Yuma akasema mutoto ana kifua kidogo, asipigwe na mvua, lakini ataendelea. Niliona kazi imetengenea.

Njo chama kikatuona.

Mukubwa fulani alikuwa anakuja kutembelea Kindu. Mangaza, mwenye aliongoza wamama wa chama ku kartie yetu, akatuita wote. Ku mukutano wake hakuna mama. Tulikuwa tunaitwa "sitwayene", yaani mwananchi muke, ata wewe mwenye umemuzalisha. Akasema: "Wasitwayene, kazi yenu ni nzuri. Toka leo ni kazi ya chama." Akatugawia vikwembe, vitenge vyenye sura ya mukubwa wa inchi, mbele na nyuma. Tuvae hivyo, tutembee kwa kundi, tuingie kwa mulango wa mbele, tuimbe kwanza wimbo wa chama. Na kila mama tunamukuta, tumuambie aende ku uwanja kufanya mazoezi ya kucheza mbele ya mugeni. Mwenye kukataa, tumupelekee Mangaza jina lake.

Mwamvita akakunjua kikwembe chake, akakigeuza huku na huku. "Sitwayene Mangaza, nikikaa chini, hii sura ya nyuma itakuwa wapi?"

Wamama wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Unachekelea mukubwa wa inchi?" Mangaza akauliza.

"Mimi? Mimi namuhurumia."

Mimi nikasema bila mizaha. Nikasema: "Mangaza, kwetu hapa kila muntu anajua kile kikwembe. Kikionekana kinakuja kwa kundi, watu wanajua wanakuja kutolewa ku nyumba kwa nguvu. Juma iliyopita mulipita ku kambi, jirani ya Feza akasema anaumwa, mukamufunga bwana yake ku kasho. Wamama watatukimbia."

"Mwenye kukimbia chama, iko na kitu anaficha."

"Iko na mutoto anamunyonyesha."

"Watoto wetu wote watanyonya, mugeni akisha kupita." Akatutazama mimi na Mwamvita. "Ninyi wawili, kama hamutaki kuvaa, mubakie kwenu. Nikisikia mumeingia ku nyumba ya muntu, mabwana zenu watajua kasho iko na baridi gani."

Ninawaambia mulioko kazini: nimeona shirika limewapa vizibao, hizi jile za rangi, na maandishi ku mugongo. Munapita nazo watatu, wane, kwa mulango wa mbele. Wamama wanawachekea, wanajibu ndiyo, mutoto anakula vizuri. Kisha munafurahi. Vueni. Sijali nani amezilipa.

Siku moja mbele ya mugeni kufika, mchana, mvua ilikuwa inakuja, mbingu nyeusi upande wa mto. Mangaza alituma watatu ku kambi, pamoja nao Zawadi, mwenzetu muzuri, mupole. Musimulaumu Zawadi, bwana yake alikuwa mwalimu, na walimu walikuwa wa kwanza kupoteza kazi. Walivaa. Walienda kwa mulango wa mbele wa Feza. Waliimba, kama walivyoambiwa.

Zawadi alirudi kwangu amelowa, ile sura ya mukubwa imemung'ang'ania ku mapaja. "Mama Amisi, Feza hayuko."

"Hayuko namna gani?"

"Tuliimba. Hakufungua. Tukazunguka nyuma, mulango wa jiko uko wazi. Saidi alikuwa chini ya kitanda. Feza na Riziki hawaonekani."

Nilijua mara moja. Muchana ule wote hakuna mwenye alimulalisha, sababu sisi wawili tulikatazwa. Na sasa alikuwa anakimbia ndani ya mvua na mutoto wa kifua, na ile mikono yake, peke yake. Nikamuambia Zawadi arudi akae na Saidi. Nikamupitia Mwamvita njiani, tukashuka ku mto.

Omari, mwenye kuvusha watu na mutumbwi, alikuwa amesimama chini ya majani. "Nilimuvusha mpaka Alunguli, ngambo ya pili," akasema. "Hakutaka kungoja mvua ipite. Alisema wanakuja kumutia bwana yake ku kasho." Akaonyesha mto na kidole. "Katikati ya mto mutoto alilia. Aliniambia: 'Tata Omari, mushike wewe.' Nikamuambia, nikimushika yeye, nani atashika kasia? Akamulaza ndani ya mutumbwi, ku maji yenye yalikuwa yameingia. Mama, yule muntu iko na nini?"

"Iko na akili," Mwamvita akamujibu. "Tuvushe."

Tulimukuta Alunguli, chini ya paa la jiko la watu wenye walikuwa shambani. Riziki alikuwa amelazwa juu ya gunia kavu, amefunikwa na kitambaa cha kichwa cha mama yake. Feza alikuwa ku ukuta wa pili, mbali naye kadiri alivyoweza kuwa mbali bila kutoka ku mvua. Alikuwa amekalia mikono yake. Hakuinuka kutusalimia. Akasema tu: "Musiniambie niitoe."

Nilimuingiza Riziki ndani ya nguo yangu, ku kifua changu. Alikuwa baridi kama samaki, na pumzi yake ilikuwa inapiga kelele ndogo. Mwamvita akatoa mikono ya Feza polepole, akaisugua. Ilikuwa imekufa ganzi, na alama za kokoto ndani ya ngozi.

Tukavuka tena. Dispanseri imefungwa. Mulinzi wa zamu akasema wote wameitwa ku uwanja, mazoezi. Nikamuachia Mwamvita mutoto na mama yake ku baraza, nikakimbia. Nilikuwa bado na nguvu siku zile.

Ku uwanja ngoma zilikuwa zinapiga ndani ya matope. Munganga Yuma alikuwa ku musitari wa pili, mikono juu, anayumba kushoto na kuume. Nikamuita kwa jina. Alinisikia, aligeuza kichwa. Mangaza akasimama katikati yetu.

"Sitwayene, mazoezi haijaisha. Mugeni ni kesho."

"Mutoto anakufa. Yuma! Nipe ufunguo, basi! Ufunguo tu!"

Yuma alitia mukono ku mufuko wa suruali. Niliuona ukiingia. Akamuangalia Mangaza. Mangaza akamurudishia macho. Na ule mukono ukatoka mutupu, ukapanda juu na mingine, akaendelea kucheza.

Nimesamehe watu wengi. Sumaili nilimusamehe. Yuma alikuwa muntu muzuri, yeye njo alisema "wanakosa muntu", na alikuja, wimbo ulipokwisha alikuja mbio, akilia, akapiga sindano. Lakini wimbo ulikuwa murefu. Riziki alikufa mbele ya jua kuzama, ku baraza ya dispanseri, ku magoti ya mama yake. Wakati ule mikono ya Feza haikuogopa kitu, ilimushika vizuri sana.

Tulimuzika kesho yake asubuhi, na mji wote uko barabarani kumupigia mugeni makofi. Musafiri hakuwako, treni ilikuwa imekwama huko mbele ya Kibombo. Na maneno yakaanza kutembea ku soko: Feza amemuua mutoto wake. Feza ni wazimu, alimutia ku maji, Omari aliona. Mangaza njo alianzisha, sababu vilikuwa vikwembe vyake kule mulangoni, na uwanja ulikuwa wake. Ni lazima mwenye kosa apatikane, na asiwe yeye.

Musafiri alifika wakati kilio hakijaisha. Alikuwa amekaa inje na wanaume ku mikeka, sisi wamama ndani na Feza. Ku stasyo ya treni walikuwa wamekwisha kumusimulia ya soko. Hakuingia kumuona bibi yake. Feza alijua sababu. Alikuwa anaangalia mulango tu.

Njo Mangaza akaja kutoa pole, na wamama wake, na vikwembe. Akasimama ku mulango pahali pa kusikiwa na ndani na inje. Akasema: "Tunamuhurumia huyu mama. Akili yake iko na ugonjwa. Alimubeba mutoto ku mvua bila sababu, akamutia ndani ya maji."

Mwamvita alinishika nguo nisiinuke. Nikainuka. "Alikuwa anakimbia nani, Mangaza?"

"Mimi najua?"

"Useme hapa, mbele ya bwana yake. Nani alikuwa anaimba ku mulango wake?"

Zawadi alikuwa nyuma yake, ndani ya kile kikwembe. Yule mupole, mwenye sikupata kusikia sauti yake ku mukutano hata siku moja. Akasema: "Ni sisi. Tuliimba sisi. Mangaza alitutuma, na Feza alikimbia juu ya bwana yake asitiwe ku kasho."

Kisha Feza akasema, si kwa Mangaza, kwa mulango. "Musafiri. Nilimuweka mbali nami. Ku mutumbwi, ku gunia, nilimuweka mbali. Uulize Mama Amisi mikono yangu ilikuwa wapi."

Sikungoja kuulizwa. Nilisema yote, ya gunia, ya kitambaa, ya kokoto ku ngozi, ya ufunguo ndani ya mufuko wa munganga. Nilisema kwa sauti ya kufika mpaka ku mto.

Musafiri aliinuka ku mukeka wa wanaume. Ku kilio chetu mwanaume haingii pahali wamama wamekaa. Alimupita Mangaza kama unavyopita mti, akaingia, akakanyaga miguu yetu, akakaa chini karibu na Feza, bega kwa bega. Akachukua mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe, akabakia hivyo. Hakuna mwenye alithubutu kumuambia atoke. Mangaza alikwenda bila kuaga.

Bwana yangu alilala ku kasho juu ya maneno yangu, na akatoka. Zawadi bwana yake alipoteza kazi. Sisi tulirudi ku kambi na michi yetu, kwa nyuma, na Feza akazaa wengine, tukatwanga naye kwa kila mumoja. Lakini ile ya soko haikukufa. Juzi tu nimesikia muntu, kijana, hata hakuwa amezaliwa, ananong'ona Feza akipita: "Huyu njo alimutupa mutoto ku mto."

Kama mumenipenda, mukisikia hivyo, musinyamaze. Musimame pale pale ku soko, museme jina. Museme Riziki, binti ya Musafiri, alikufa na baridi, na dawa ilikuwa nyuma ya mulango. Mama yake alifanya yote tuliyomufundisha.